Tairi, Mvua na Udongo Mweusi wa Kaloleni

Mitaa ya mashariki ya Nairobi imejengwa juu ya udongo ambao hapana mjenzi mwenye hiari yake angaliuchagua. Ni ule udongo mweusi wa nyanda za Athi, ambao katika kiangazi hukauka hata ukapasuka nyufa za kupitisha kiganja, na katika masika hunywa maji ukavimba, ukalainika na kunata, ukang'ang'ania kila kiupitiacho, kikiwa ni kwato, kiatu au gurudumu, na juu ya unato huo ukatandaza utando mwembamba wa utelezi. Upande wa pili wa mji, kuanzia Kilimani hata Muthaiga, udongo ni mwekundu na maji hupenya upesi. Huko ndiko Wazungu walikojikatia viwanja vyao. Mtu atakaye kujua kwa nini mwendesha pikipiki wa Kaloleni hukaza mabega tone la kwanza liangukapo, hana budi kuanza na udongo huo kabla ya kuinama kuitazama tairi. Utulivu wa moyo juu ya magurudumu mawili katika mvua aghalabu husemwa kuwa ni tabia ya mtu, ushujaa wake au uoga wake. Mimi naona una nasaba ndefu zaidi, na katika nasaba hiyo wamo maofisa wa manispaa, wafanyabiashara wa mpira, mafundi wa baiskeli na hata wizara ya fedha.

Nairobi ilizaliwa mwaka 1899, reli itokayo Mombasa ilipofika penye kinamasi na wahandisi wakaona uwanda wa tambarare wa kuweka karakana na mabehewa yao kabla ya kuanza kupanda milima ya kuelekea Bonde la Ufa. Kinamasi kilifaa kwa reli. Kwa makao ya binadamu hakikufaa, na waliokuwa na uwezo wakakihama mapema. Waafrika walisukumwa mashariki, mahali pa chini, karibu na kazi na mbali na macho: Pumwani ilianzishwa mwaka 1922, kisha baada ya miaka ikafuata Shauri Moyo, Ziwani na Starehe, na katika miaka ya 1940, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinaendelea na wafanyakazi wakimiminika mjini kwa wingi kuliko vyumba vilivyokuwako, manispaa ikajenga Kaloleni. Sehemu ya kazi ya ujenzi hukumbukwa hata leo kuwa ilifanywa na mateka wa Kiitaliano, walioletwa Kenya baada ya kushindwa katika vita vya Uhabeshi na Somalia mwaka 1941, watu wale wale ambao wenzao walichonga barabara ya mteremko wa Mai Mahiu na kuacha kikanisa kidogo kando yake.

Haki itendeke: Kaloleni haikuwa kambi. Ilipangwa kwa fikira ya miji ya bustani iliyotungwa Uingereza na Ebenezer Howard mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, nyumba za chini zenye mapaa ya vigae, viwanja vya majani kati yake, na ukumbi mkubwa moyoni mwa mtaa. Ilikusudiwa kukaa mfanyakazi pamoja na mke na watoto wake, jambo ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa imelikwepa kwa miaka mingi. Walakini mtu akizitembea njia zake za ndani ataona mara moja kwamba mpangaji alimfikiria mkazi wake akienda kwa miguu. Njia ni nyembamba, zinapinda kwa upole kati ya nyua, na barabara kuu iliyopita ubavuni, iliyoitwa Doonholm na baada ya uhuru ikaitwa Jogoo, ndiyo iliyopewa heshima ya kubeba magari. Lami ilikuwa ya barabara kuu. Ya ndani ilikuwa riziki ya bahati. Mpaka ule kati ya lami na udongo, ambao katika ramani hauonekani, ndio mahali ambapo pikipiki nyingi za leo huanguka, na nitaurudia.

Ukumbi wa Kaloleni una fahari yake katika historia ya nchi, nayo haiko mbali na jambo letu kama inavyodhaniwa. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi 1950, kwa sherehe ambazo vyama vya wafanyakazi vilizisusia. Na tarehe 23 Aprili mwaka huo huo, katika ukumbi huo, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi akataka Afrika Mashariki yote ipewe uhuru kamili, neno ambalo wakati ule wengine walilisema kwa kunong'ona. Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wameunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka uliotangulia, na nguvu ya Kubai ilitoka kwa watu wa usafirishaji: madereva wa teksi ambao mwaka 1949 waligoma kupinga kanuni za baraza la mji. Basi tangu hapo mitaa hii imekuwa makao ya watu wanaoendesha mji na kubishana na baraza juu ya nani aruhusiwe kupita wapi na kwa masharti gani. Waendesha bodaboda wanaofukuzwa leo katikati ya jiji huenda hawajui kwamba ugomvi wao ni wa kurithi.

Lakini katika miaka hiyo aliyekuwa na magurudumu mawili Kaloleni alikuwa na baiskeli. Karani, fundi wa reli, tarishi wa ofisi na mwalimu, kila aliyeweza kuweka akiba alinunua Raleigh nyeusi yenye tairi za inchi 28 kwa 1½, na juu yake akaenda kazini hali wengine wakitembea. Ilikuwa chombo kizuri katika kiangazi. Masika yalipoingia, udongo ulijaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka, mwenyewe akashuka, akachokonoa kwa kijiti, akapanda, akaenda hatua chache, akashuka tena, na mwishowe akaitia begani. Baiskeli iliyokuwa imembeba miezi tisa ikabebwa naye. Alipofika penye lami alikutana na mtihani wa pili. Breki za baiskeli hizo zilikuwa za vyuma virefu vilivyovuta vipande vya mpira kuufinya ukingo wa gurudumu, na ukingo ule ulikuwa wa chuma kilichong'arishwa. Chuma kilichong'arishwa kikilowa, mpira hauna cha kushika: mtu hufinya breki, gurudumu huzunguka mara moja na mbili pasipo jambo lolote kutokea, kisha maji yakifutika ghafla breki hushika kwa nguvu zote kwa mara moja. Waliojifunza kuendesha kwa breki za namna hiyo walijifunza pia kutoiamini breki ya mbele, maana ikishika ghafla humtupa mtu juu ya usukani. Nadhani, wala sina ushahidi ila ule wa kuona namna mafunzo yanavyopokewa kutoka kwa kaka hata mdogo wake, kwamba hofu hiyo ilihama kutoka baiskeli ikapanda pikipiki, na mpaka leo haijashuka.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya serikali. Vita viliacha duniani wingi wa mashine za kijeshi, na BSA M20 peke yake ilitengenezwa zaidi ya 120,000. Zilikuwa nzito, za mwendo wa pole, imara kiasi cha kuchosha. Katika mitaa ya mashariki mlio wa pikipiki ulimaanisha polisi au mjumbe wa serikali, na katika miaka ya hali ya hatari, khasa baada ya msako mkubwa wa Aprili 1954 ulioitwa Anvil, haukuwa mlio wa kumfurahisha mtu. Baada ya uhuru zikaja Honda na Yamaha za Kijapani, wakapanda mabwana shamba, watu wa posta na maofisa wa miradi. Yamaha AG100 ilipata sifa katika vijiji kwa tairi zake zenye meno marefu yaliyouchimba udongo. Sifa hiyo ilikuwa na ila yake. Tairi yenye meno marefu hushika vizuri katika matope laini kwa sababu kila jino huzama, lakini juu ya lami iliyolowa ni ncha za meno tu zinazogusa, mpira uliopo chini ni mchache, na mwenye kukata kona kwa haraka hulala chini kabla hajajua kilichompata. Tairi ya kufaa shambani na mjini sawasawa haijapatikana bado.

Hapa sina budi kusema machache juu ya tairi, maana ina historia ndefu kuliko pikipiki. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti cha unga huacha kuyeyuka kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Robert William Thomson, Mskoti, alipata hataza ya tairi ya upepo katika miaka ya 1840, ikasahaulika, hata John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akaibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe na kuipatia hataza mwaka 1888. Tamaa ya mpira iliyofuata iliiangamiza Kongo ya Mfalme Leopold, ambako watu walikatwa mikono kwa kutotimiza kilo walizoamriwa. Ni jambo la kukumbukwa kila tairi inapoitwa bidhaa ya kawaida. Zile za mwanzo zilikuwa nyeupe au kijivu. Weusi uliingia mwanzoni mwa karne ya ishirini, masizi yalipoonekana kuupa mpira uimara wa kuhimili msuguano. Nairobi ilipata kiwanda chake cha Firestone, kilichosajiliwa mwaka 1969, na kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini tairi zilipikwa hapa mjini, baadaye kwa jina la Sameer Africa, mpaka mwaka 2016 kazi ya kutengeneza iliposimamishwa kwa kuzidiwa na bidhaa za nje. Na zilizokwisha hazikutupwa: mafundi wa Gikomba walizikata na kuzishona zikawa akala, viatu vya watu wa kazi, hata tairi iliyoshindwa kushika barabara ikaendelea kwa miaka kushika matope chini ya nyayo za mtu.

Usafiri wa bodaboda haukuanza Nairobi. Ulianza mpakani, Busia na Malaba, ambako tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo katika masafa yaliyopo kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda, na jina lenyewe likatokana na mpaka huo. Baiskeli zile zilienea magharibi ya Kenya, zikafika Kisumu na miji mingine, lakini Nairobi, yenye matatu nyingi na magari yasiyomstahi mtu, haikuzikaribisha. Kilichobadilisha mambo ni kalamu ya wizara ya fedha. Mwaka 2008 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwa pikipiki ndogo zisizozidi sentimita 250 za ujazo wa injini, na mashine za Bajaj, TVS na za viwanda vingi vya Kichina zikamiminika. Mwaka 2007 zilisajiliwa Kenya nzima takriban 16,000. Kabla ya miaka mitano kupita, zilizosajiliwa kwa mwaka mmoja zilizidi 100,000. Hakuna shule ya kuendesha ambayo ingaliweza kuwafundisha watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo, na kwa kweli hazikuwafundisha. Wengi walijifunza jioni katika uwanja wa mpira, kwa kaka au rafiki, katika kiangazi.

Jambo la kiangazi si dogo. Mtu aliyejifunza juu ya ardhi kavu hujifunza kipimo cha uongo: hujua kona hii yalalika kiasi hiki, breki hii yasimama kwa masafa haya, na mwili wake huyahifadhi hayo pasipo yeye kufikiri. Mvua inapokuja mwili haujui kwamba hesabu imebadilika.

Tuitazame safari moja fupi kama zilivyo nyingi. Mama mmoja mwenye kapu la mboga amepanda nyuma ya pikipiki aina ya Boxer katika njia ya ndani ya Kaloleni, mvua imeacha kunyesha sasa hivi. "Polepole, mwanangu," asema, naye kijana ajibu, "Usiwe na wasiwasi, mama, shikilia tu." Njia ya ndani ilikuwa na lami zamani, kisha baraza likasahau, na lami imebaki visiwa visiwa katika udongo mweusi. Kijana ajua kuvipita visiwa hivyo kwa gia ya kwanza, miguu yote miwili ikining'inia karibu na ardhi kama mtu avukaye mto kwa mawe. Hapo yu salama kuliko adhaniavyo abiria wake, maana mwendo ni mdogo na anguko lenyewe lingekuwa la aibu tu. Hatari i mbele, pale njia ya ndani inapokutana na Barabara ya Jogoo. Mifereji ya tairi zake mbili imekwisha kujaa udongo hata uso wa tairi umekuwa laini mtupu, na kile kinachogusa lami sasa si mpira bali ni tope lililobebwa. Gari zinakuja kwa kasi kutoka upande wa Makadara, nafasi ni finyu, naye ajiingiza kwa kuvuta mafuta kwa nguvu na kulaza pikipiki kushoto. Sehemu ya tairi iliyogusa chini haizidi kiganja, na kiganja hicho kimepakwa matope. Waendeshaji wenye umri hukaa kidogo penye ukingo wa lami, huenda mita chache wakiwa wima kabisa ili tairi ijifute yenyewe, ndipo wakakata kona. Hakuna aliyewaandikia somo hilo. Wameliona katika magoti yao.

Na juu ya lami kuna somo jingine, ambalo wengi hulijua nusu. Watu husema mvua kubwa ndiyo ya kuogopwa, ya kwamba maji mengi huinua tairi ikaelea. Hilo ni kweli kwa gari, na kwa ndege zaidi: Walter Horne na wenzake wa NASA waliupima mwelekeo huo na kuuchapisha mwaka 1963, wakapata kanuni kwamba kasi ya tairi kuanza kuelea, kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, ni mara tisa ya kipeuo cha pili cha shinikizo la upepo wake kwa pauni katika inchi mraba. Mwenye kufanya hesabu hiyo kwa tairi ya pikipiki yenye upepo wa 28 atapata noti zipatazo 48, yaani karibu kilomita 88 kwa saa. Na kwa kuwa tairi ya pikipiki ni ya mviringo na huyapasua maji badala ya kuyakandamiza, kasi yake ya kweli huwa juu zaidi. Hapana bodaboda mwenye abiria aendaye kasi hiyo katika mvua ya Barabara ya Jogoo, kwa kuwa msongamano wenyewe haumruhusu. Yeye haangushwi na wingi wa maji. Huangushwa na dakika za mwanzo, maji yanapokuwa machache: miezi ya kiangazi imeacha juu ya lami dizeli iliyovuja, oili ya injini, vumbi na unga wa mpira wa tairi, na rasharasha ya kwanza huvichanganya vyote vikawa utando ambao mvua kubwa ya baadaye itaukosha. Mzunguko ulio karibu na uwanja wa City Stadium, ambako malori ya eneo la viwanda hukata kona kuingia Lusaka Road na matangi yao hutema dizeli kidogo kidogo, ni mahali pa kuchukuliwa kwa adabu mwanzo wa vuli kuliko katikati ya gharika. Kadhalika mistari ya rangi ya vivuko na vifuniko vya chuma vya maji machafu, ambavyo katika kiangazi mtu hupita juu yake asijue vipo.

Sasa breki. Katika kila steji ya mitaa hii utasikia kwamba breki ya mbele ni ya kuua, khasa katika mvua. Wako wanaoilegeza hata isifanye kazi, na wako wasioigusa mwaka mzima. Mguu wa kulia hukanyaga, gurudumu la nyuma hufunga, na pikipiki huenda ubavu ubavu mpaka itakaposimama au kulala. Wamarekani waliwahi kuchunguza jambo hilo kwa makini katika mji wa Los Angeles: ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, iliyotoka mwaka 1981 baada ya kuchunguzwa ajali 900 mahali zilipotokea, ilikuta kwamba waendeshaji walio hatarini hukanyaga mno breki ya nyuma na kuisahau ya mbele, ingawa uzito wote wa chombo hukimbilia mbele pale kinapopunguza mwendo, na tairi ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kukisimamisha. Ripoti hiyo hiyo ilisema hali ya hewa haikuwa na sehemu katika asilimia 98 ya ajali. Msomaji wa Nairobi asiichukue tarakimu hiyo akaitia mfukoni: Los Angeles mvua ni haba, na mwenye pikipiki huko akiona wingu huweza kuiacha nyumbani akaenda kwa gari lake. Wa Kaloleni hana gari la pili, wala siku ya mvua si siku ya mapumziko kwake, bali ni siku ambayo abiria humtafuta.

Lakini katika hofu ya breki ya mbele mna chembe ya haki ambayo wataalamu wa mbali hawaitaji. Breki hiyo huua ikitumiwa kwa ghafla juu ya tairi iliyokwisha, na tairi iliyokwisha ndiyo hali ya kawaida. Kipimo cha kawaida cha nyuma kwa pikipiki hizi ni 3.00-17, yaani upana wa inchi tatu juu ya rimu ya inchi kumi na saba, na tairi za bei ya chini hupikwa kwa mpira mgumu ili zidumu kilomita nyingi. Ugumu huo huo huzifanya ziteleze zinapolowa. Mwaka 1992 kampuni ya Michelin ilianza kuchanganya silika katika mpira wa tairi za magari ili zishike vizuri juu ya maji bila ya kuisha upesi, na maarifa hayo yakafika hata katika tairi za pikipiki za bei. Lakini yule anunuaye kwa fedha ya siku hapati maarifa, apata mpira. Kisha aitumia mpaka iwe kipara. Ikiwa kipara huipeleka kwa fundi, ambaye huichonga mifereji mipya kwa kisu chenye moto, na kutoka mbali tairi huonekana ni mpya. Mifereji hiyo haina kina, na mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba wa kuogofya. Uingereza sheria hutaka mifereji ya tairi ya pikipiki isipungue kina cha milimita 1; pale steji kipimo ni kidole gumba, na kidole gumba hupimwa na njaa. Wengine huongeza upepo kupita kiasi ili pikipiki ibebe watu wawili na gunia, na tairi iliyojaa mno hugusa chini kwa sehemu ndogo zaidi kuliko ile ndogo iliyokuwa nayo.

Mtu huweza kuuliza kwa nini mwendeshaji asinunue tairi nyingine, maadamu roho ni yake. Jibu limo katika hesabu ya siku. Waendeshaji wengi si wenye pikipiki. Huzikodi kwa mwenyewe, humpelekea jioni kiasi walichopatana, na kinachobaki ndicho chao. Tairi ni ya mwenye chombo, anguko ni la mwenye kuendesha. Mwenye chombo huiona tairi mara moja kwa juma, akiwa amesimama mahali pakavu, na kwa macho yake ingali na miezi miwili. Ubishi wa namna hiyo umetokea mara nyingi mbele ya vibanda vya pancha, na aghalabu mwenye kushindwa ni yule anayeondoka juu ya tairi ile ile.

Ndiyo maana mvua ianzapo utawaona waendeshaji wa Kaloleni wamejibanza chini ya mapaa ya maduka yaliyo kando ya Barabara ya Jogoo, miavuli yao mipana imefungwa juu ya pikipiki, nao hawaondoki mara moja. Abiria aliyechelewa kazini huwaita wavivu, na akiambiwa nauli imepanda huwaita wezi. Wale wenye umri huendelea kungoja lami ikoshwe. Wale wageni, ambao wameanza kazi hii tangu masika yaliyopita na bado wana hesabu ya mwenye chombo ya kutimiza kabla ya saa kumi na mbili, huwasha injini, wakaikubali nauli iliyopanda, wakaingia barabarani.